Uliyemzungushia duara siye: chiriku wa Kipengere katika kundi la Matamba

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza viazi mviringo, naishi Mabibo, Dar es Salaam, na kila msimu hupanda Makete kufuata mzigo. Mwezi wa nane, jirani na Matamba, gari likipakiwa nilipiga picha za kundi la ndege pembeni mwa shamba. Wengi walikuwa wa njano, wachache wa kahawia. Nimekutumia picha nne. Programu ya simu imesema ni chiriku wa kawaida wa huku kwetu Dar. Rafiki yangu anasema yule wa kahawia niliyemzungushia duara jekundu kwenye picha ya pili ni chiriku wa Kipengere, ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Nani yuko sahihi? Na mtu kama mimi nisiye na darubini nitamjuaje siku nyingine?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na ile barabara ya Chimala. Kuzipanda zile kona 57 na gari tupu ni kazi; kuzishuka na lumbesa juu ni kazi nyingine kabisa.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata. Programu imekosea. Rafiki yako naye amekosea ndege, ila kundi hakulikosea. Uliyemzungushia duara si chiriku hata kidogo. Lakini ifungue picha ya nne, tazama chini kushoto, kwenye bua kavu lililoegemea kichaka: kuna ndege mmoja mnene, wa rangi ya giza, mkia wake umekatwa na ukingo wa picha. Huyo hukumtaja kabisa. Huyo ndiye chiriku wa Kipengere, kwa jina la kisayansi Crithagra melanochroa, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kusitasita.

Tumalizane kwanza na wa duara, maana ndiye anayewasumbua watu wengi wanaopanda Nyanda za Juu Kusini wakati wa kiangazi. Ukimkuza kwenye skrini utaona kidari cha rangi ya mchanga, michirizi myembamba iliyokusanyika ubavuni zaidi kuliko katikati, na juu ya jicho mstari mpana wa rangi hafifu unaokwenda hadi nyuma ya shavu. Mgongoni kila unyoya una kiini cheusi na pindo la hudhurungi, kwa hiyo mgongo mzima unaonekana una mabaka yaliyopangwa. Mkia ni mfupi, na mwisho wake haujagawanyika. Huyo ni wa jamii ya kweche, ile yenye madume yanayovaa weusi masika. Huyu wa kwenu huko juu ni kweche wa milimani mwenye mkia mrefu, Euplectes psammocromius. Mvua zikiwa zimekolea, dume lake hakuna asiyelijua: jeusi tii, mkia mrefu kuliko mwili, begani rangi ya moto. Lakini wewe ulikwenda Agosti. Mwezi huo dume limevua yote hayo na limebaki kama jike, kahawia yenye michirizi, na kundi zima linafanana na shomoro waliopauka.

Ushahidi zaidi uko kwenye picha hiyohiyo. Hatua chache kulia kwa duara lako yupo mwingine wa kahawia, mkubwa kidogo, bawa lake jeusi kuliko la wenzake, na kwenye pindo la bega kuna doa la rangi ya chungwa linalochungulia. Hilo ni dume lililovua. Mkia na weusi vinaondoka, bega linabaki. Ukishapata bega moja la namna hiyo ndani ya kundi, wale wa kahawia walio karibu naye washuku wote kuwa ni jamaa zake mpaka wakuthibitishie vinginevyo.

Sasa njia ya kufanya kazi hii. Wengi wakiambiwa kuna ndege adimu katika kundi huanza kumtafuta yeye, na anayetafuta hivyo humwona kila mahali. Fanya kama unavyochambua viazi shambani: huanzi kwa kuokota kile kimoja cha ajabu, unatoa gredi unazozijua, na kinachobaki ndicho unachokigeuzageuza mkononi. Katika kundi lako kuna gredi tatu au nne za kutoa, na ukizitoa vizuri Kipengere hana pa kujificha.

Wa njano ndio rahisi. Wale waliong'aa kwenye picha ya kwanza, utosi wa dhahabu, mabawa meusi yenye mistari miwili ya njano, mkia wenye panda, ni Serinus flavivertex, chiriku wa utosi njano. Huyo ndiye mwenyeji wa makundi makubwa mashambani huko. Yule mmoja wa kijani kijani asiye na alama kali, mwembamba, kijivu kidogo usoni, ni Crithagra hyposticta. Angalizo moja tu hapa: majike na makinda ya hawa wa njano yana michirizi, na kwenye kivuli unjano wao hufifia ukaonekana kahawia. Usiwaogope. Mdomo wao ni mdogo mno, na mahali fulani, ama kiunoni ama kwenye pindo la bawa, unjano utajitokeza tu ndege akijigeuza. Vile vidogo vyenye mdomo mwekundu chini kwenye nyasi havihusiki na swali letu, viache vile mbegu zake.

Baada ya hao anabaki mmoja wa kuchunguzwa kwa makini, na hapo ndipo kazi yote ilipo. Ni Crithagra whytii, chiriku wa kahawia mwenye nyusi za njano. Huyu ni wa kawaida sana katika nyanda hizo na ng'ambo ya mpaka kaskazini mwa Malawi. Anaingia bustanini, anakaa kwenye ua wa nyumba, anakula kando ya shamba. Ana michirizi kifuani. Ana umbo la chiriku kamili. Anaweza kukaa kichaka kimoja na Kipengere. Kama duara lako lingekuwa juu ya huyu, kosa la rafiki yako lingekuwa na heshima zaidi.

Kinachowatenganisha ni uso. Nyusi, mwanangu. Whytii ana mstari juu ya jicho unaosomeka hata ndege akiwa mbali: unaanzia karibu na mdomo, unapita juu ya jicho, unaishia nyuma ya shavu, na chini yake shavu ni la giza, kwa hiyo kichwa chake kinaonekana kimegawanywa kwa mistari. Kooni na usoni ana unjano. Kipengere hana nyusi. Uso wake ni wa kahawia ya giza kuanzia utosini hadi shavuni, hauna mstari wa kukuongoza, na jicho jeusi linazama humo. Ukimtazama Kipengere, jicho lako halina pa kushika usoni, kwa hiyo linashuka lenyewe hadi kwenye mdomo mnene, na kutoka hapo hadi kifuani ambako weupe na michirizi mizito vinapigana.

Kuna mitego miwili kwenye nyusi hizo. Wa kwanza ni mwanga. Kule juu jua la asubuhi ni kali na linaanguka kwa ubavu, na kamera ya simu ikipima mwanga wa anga inamtia ndege gizani. Unjano wa nyusi hapo unageuka mweupe mchafu au unapotea kabisa upande wa kivuli. Kwa hiyo usikate shauri kwa picha moja. Kama una picha tatu za ndege yuleyule akigeuka, na nyusi hazikuonekana hata kwenye moja iliyopigwa upande wa jua, hapo neno lako lina uzito. Mtego wa pili ni vitabu. Vitabu vya zamani vilimhesabu whytii kama aina tu ya chiriku mwenye michirizi, Crithagra striolata, yule wa Kilimanjaro, Usambara na Kenya, ambaye nyusi zake ni nyeupe. Ukishika kitabu cha namna hiyo ukaona mchoro wa nyusi nyeupe peke yake, utatoka Makete ukidhani kila mwenye nyusi za njano ni kitu kipya. Yuleyule striolata huko kusini hayupo wa kukuchanganya; kwako wewe wa Matamba, mwenye nyusi ni whytii.

Na kwa kuwa tumegusa vitabu: jina Serinus utalikuta limeandikwa mbele ya karibu chiriku wote wa Afrika katika vitabu vya zamani. Uchunguzi wa vinasaba umewahamishia wengi wao kwenye Crithagra, na Serinus imebaki na wachache, akiwemo yule wako wa utosi njano. Kipengere mwenyewe aliandikwa na Mjerumani Reichenow mwaka 1900, kisha kwa muda mrefu akawekwa chini ya chiriku wa mdomo mnene, burtoni, kama tawi lake. Burtoni ni wa milima ya magharibi kuanzia Kamerun, na kwetu Tanzania yuko kaskazini, Kilimanjaro na nyanda za Ngorongoro. Kusini hayupo. Ndiyo maana kitabu kimoja kinakupa ndege mmoja na kingine wawili, na wote wanasema juu ya kichaka kilekile.

Turudi picha ya nne, tumtazame huyo wa kwenye bua. Kwanza ukubwa. Amekaa pembeni mwa wa utosi njano, umbali wao na kamera ni uleule, na anamzidi waziwazi, hasa kifuani na kichwani. Kipengere hufika kama sentimita 15, ndege mzito kwa chiriku. Ukubwa peke yake haunitoshi, maana kweche dume naye ni mkubwa. Mdomo ndio unaonihakikishia zaidi. Wa kweche ni wa kawaida, umechongoka kama wa mnana mdogo. Huyu mdomo wake umevimba kuanzia kwenye kitako, mgongo wa mdomo umejikunja, na ukipima kwa jicho, kina chake pale unapoanzia hakipishani sana na urefu wake. Ni mdomo wa kupasulia mbegu ngumu.

Halafu kifua. Michirizi yake si ile myembamba ya kalamu ya risasi ya kweche. Ni minene, ya giza, imeteremka kutoka kooni hadi tumboni juu ya rangi inayokaribia nyeupe, na katikati ya kidari imebanana kiasi kwamba weupe unaonekana vipande vipande. Kweche wa duara ana rangi ya mchanga chini, huyu ana weupe. Mgongo wake ni wa giza kwa ujumla, hauna yale mabaka yaliyopangwa. Na uso, kama nilivyosema: hakuna nyusi, na bahati yako nzuri ni kwamba upande unaoonekana ndio ulioangaliwa na jua. Mkia ungetusaidia pia, maana chiriku mkia wake una pengo katikati na kweche wa kahawia hana, ila ndio huo picha imeukata. Hata bila mkia ushahidi unatosha.

Mwenendo wake nao unakubaliana na picha. Chiriku tunamjua kwa maneno mengi, hadi mtu msemaji tunamfananisha naye, lakini wa Kipengere hastahili sifa hiyo. Hukaa kimya, mara nyingi wawili au wachache, kwenye ukingo wa msitu, mianzi na vichaka, akila polepole. Kundi la njano likitua na kuruka, yeye anabaki pale alipo. Kwa hiyo nisingesema yumo ndani ya kundi. Kundi ndilo lilimfuata alipo kwa sababu shamba limefika hadi kichakani kwake. Siku nyingine usimtafute katikati ya wale wanaotifua vumbi shambani. Waangalie wale kwa raha yako, kisha peleka macho pembeni, kimo cha kifua cha mtu au juu kidogo, pale nyasi zinapokutana na kichaka.

Sasa programu. Nimeona kwenye picha za skrini ulizonitumia kwamba picha ulizipakia ukiwa umeshateremka, na mahali pakajazwa Dar es Salaam. Hapo ndipo ilipoharibika. Programu hizi, Merlin na nyinginezo, hazitazami picha tu. Zinauliza uko wapi na ni mwezi gani, na huchuja majibu kwa hayo. Umeipa kundi la chiriku na ukaiambia lilikuwa Dar. Ikakupa chiriku mwenye paji njano, Crithagra mozambica, ambaye kwa Dar ni jibu zuri kabisa: ndiye yule mdogo anayeimba juu ya miti Chuo Kikuu na kwenye bustani za Mbezi, nyusi za njano, mstari mweusi shavuni, kiuno cha njano. Rudi kwenye picha zilezile, badilisha mahali uweke Matamba, na orodha itabadilika. Bado sitaki uichukue kama hakimu. Itakupa majina ya kuanzia. Kazi ya nyusi na mdomo ni yako.

Urefu wa nchi ni kichujio ambacho programu wala rafiki hakukitaja. Chini Chimala na bonde la Usangu kuna chiriku wengine wenye michirizi, kama Crithagra reichardi wa miombo, na huyo asipotajwa mahali alipopigwa picha anaweza kukusumbua siku nzima. Ukishazimaliza kona, umeshamwacha. Uwanda wa Kitulo ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ndege wa miombo hawakusindikizi hadi huko. Kila unapopiga picha andika kijiji na kama simu inakupa urefu, andika urefu.

Kuhusu uadimu, rafiki yako amesema kweli: Kipengere ni wa Tanzania peke yake, tena wa kona moja ya Tanzania. Anapatikana Udzungwa, nyanda za Njombe, safu ya Kipengere yenyewe na mlima Rungwe. Ni adimu kwa maana ya ramani. Ukiwa ndani ya ramani hiyo, kwenye kichaka kizuri, kumwona si muujiza, na wapagazi wako wa Matamba huenda wanampita kila siku. Shida yake ni kwamba anachohitaji ni ukingo wa msitu na vichaka, na hivyo ndivyo vinavyofyekwa kwanza viazi, pareto na misindano vinapopanuka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ina sehemu ya makazi yake, lakini watu huenda pale kwa ajili ya maua, na mimi sikuwahi kusikia mgeni akiulizia ndege wa kahawia asiye na nyusi.

Simu ya kawaida inatosha, ila ina masharti. Usikuze kwa vidole ukiwa mbali. Sogea polepole, simama, acha ndege wakuzoee, piga nyingi mfululizo. Jua liwe mgongoni kwako. Gusa ndege kwenye skrini ili simu ipime mwanga wake yeye, si wa anga. Tafuta picha tatu: uso kwa ubavu, kifua kwa mbele, na mkia. Ukipata uso peke yake mimi nimeridhika. Ukipata mgongo peke yake, hata uwe safi namna gani, kwa ndege hawa wa kahawia tutabaki tunabishana.

Mazoezi unaweza kuyafanya hapahapa Dar bila nauli ya Makete. Nenda bonde la Msimbazi penye matete na nyasi ndefu nje ya msimu wa mvua, uwatazame kweche wa pwani wakiwa wamevua wekundu wao. Huko hutampata chiriku wa milimani, na ndiyo faida yake: kila wa kahawia mwenye michirizi utakayemwona utajua ni kweche au mnana jike, basi utazame mdomo wake, nyusi zake na mkia wake mpaka usihitaji kufikiri. Kisha mtazame chiriku wa Dar akiwa juu ya waya, uone pengo la mkia. Ukipanda tena mlimani macho yatakuwa yameshajua yaache nini.

Kumbukumbu hii usiiache ikalala kwenye simu. Iandike eBird, daftari la ndege la mtandaoni, au ipeleke kwa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambayo imekuwa ikikusanya taarifa za namna hii kwa miongo kadhaa. Andika tarehe, kijiji, urefu, aina ya kichaka, na jambo ambalo watu husahau: andika kwa nini si whytii na kwa nini si kweche. Sentensi mbili zinatosha. Anayepokea taarifa hakuwepo, na neno "nilimwona Kipengere" halimsaidii kitu bila uso usio na nyusi na mdomo mnene. Picha ya pili usiifute, iambatanishe pia, ila lile duara ulitoe.

Na tafadhali, picha ya nne nitumie tena. Uliyonitumia WhatsApp imebanwa, na ubavuni mwa yule ndege michirizi imeungana ikawa doa moja. Itume kama faili, siyo kama picha, au uniwekee kwenye barua pepe. Uamuzi wangu hautabadilika, lakini nataka kuona kama yule kivuli nyuma yake, ndani ya kichaka, ni jani au ni mwenzake.